Amri ilitolewa nikiwa nimelazwa. Je, bado naweza kukata rufaa?

SWALI: Assalaam alaykum wakili. Mimi ni mwanamke wa Pemba, naishi na wanangu wawili. Mwaka jana, baada ya kufiwa na mama, nilishikwa na maradhi ya akili. Nilikuwa silali, nasikia sauti, usiku natoka nje. Kaka zangu walinipeleka spitali, kisha ikatoka amri ya mahakama nipelekwe Unguja kwa matibabu. Nilikaa wiki saba. Niliporudi nikaambiwa kuwa amri ileile imempa kaka yangu mkubwa kusimamia mali zangu, yaani fungu langu la mikarafuu ya urithi wa baba na pesa zilizoko benki. Sikupata samansi, sikuulizwa neno, na hiyo karatasi sijaiona hadi leo. Sasa ni mwezi wa tano niko nyumbani, natumia dawa, na daktari ameniandikia kuwa hali yangu ni nzuri. Kaka anasema amri ya mahakama hairudi nyuma na mgonjwa hana rufaa. Karani niliyemuuliza alisema siku zimepita. Nina haki gani?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Pole kwa msiba, na pole kwa maradhi.

Kaka yako amekosea. Karani amesema nusu ya kweli, na hiyo nusu aliyoiacha ndiyo itakayochukua nafasi kubwa ya jibu langu.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12(6)(a), inaeleza kwamba haki na wajibu wa mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria kutokana na uamuzi huo. Katiba ya Muungano ina maneno yanayokaribiana na hayo katika ibara ya 13(6)(a). Katika yote mawili neno lililotumika ni "mtu". Halikuongezwa neno "mzima" wala "mwenye akili timamu". Anayeumwa, aliyelazwa, anayetumia dawa za akili maisha yake yote, wote ni watu mbele ya kifungu hicho. Zaidi ya hapo, wewe ndiye mtu ambaye uhuru wake na mali yake ndivyo vilivyoamuliwa siku ile. Akikosa rufaa mtu kama wewe, sijui rufaa ni ya nani.

Yashike pia yale maneno "au nafuu nyingine ya kisheria". Watu wengi husikia neno rufaa wakadhani ni mlango mmoja tu, na ukifungwa basi. Kwa kesi yako naona milango mitatu, na huo wa rufaa huenda usiwe wa kwanza kuugonga.

Kabla ya milango, tuitazame amri yenyewe. Kwa unavyoeleza karatasi ni moja, lakini amri zilizomo ni mbili. Moja ilihusu mwili wako: upelekwe hospitali. Nyingine ilihusu mali yako: asimamie kaka. Ya kwanza imemaliza kazi yake siku uliporuhusiwa kurudi. Ya pili iko hai mpaka leo, na kama haikuandikiwa mwisho basi inaweza kuishi kuliko maradhi yaliyoizaa. Hapo ndipo ninapowalaumu hata mawakili wenzangu, kwa sababu tunazoea kuyafunga mambo haya mawili katika ombi moja kana kwamba ushahidi wa moja ni ushahidi wa jingine. Mtu anaweza kuhitaji kulazwa kwa wiki kadhaa na bado akajua pishi ya karafuu inauzwaje, nani anamdai na yeye anamdai nani. Daktari anayesema "huyu alazwe haraka" hajasema "huyu hajui mali yake". Ukipata nakala, tafuta ni ushahidi gani ulitolewa juu ya uwezo wako wa kusimamia mali. Sitashangaa ukiukosa kabisa.

Na tofauti nyingine. Kumpeleka mtu hospitali kunaweza kuwa jambo la dharura: amekaa siku kadhaa hajalala, anatoka usiku, bahari iko karibu. Mahakama inaweza kueleweka ikiamua kwanza na kumsikiliza baadaye. Lakini mikarafuu haikimbii. Kwa mali hakukuwa na haraka ya kumzuia hakimu asingojee wiki chache akakusikiliza wewe, au akamteua mtu asiye na maslahi akuwakilishe. Hoja hiyo iandike mapema kabisa katika maombi yako.

Sasa kazi ya kwanza, na usifanye nyingine kabla yake: ipate ile karatasi. Mambo ya mahakama hayaendeshwi kwa kusikia. Andika barua kwa mahakama iliyotoa amri, uombe nakala ya amri, nakala ya maombi yaliyopelekwa na kaka yako pamoja na hati ya kiapo chake, ripoti ya daktari iliyotumika, na mwenendo wa shauri, yaani yale hakimu aliyoyaandika siku ile. Chapa barua mara mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo nyumbani uiweke pamoja na vyeti vya watoto. Muhuri huo utakuja kuuonesha: siku ulizongojea nakala hazihesabiwi kama siku ulizolala. Wewe ni mhusika wa shauri hilo, huombi hisani. Karani akikwambia aliyeleta maombi ni kaka yako kwa hiyo nakala ni zake, mwambie kwa adabu kwamba jina lililoandikwa ndani ya amri ni lako, na uombe kuonana na hakimu mfawidhi.

Ukiipata, soma juu kabisa: ni mahakama gani? Zanzibar tuna Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, za Mkoa, kisha Mahakama Kuu, ambayo kwa Pemba hukaa Chake Chake, na juu kabisa Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Pembeni kuna Mahakama za Kadhi na ngazi yake ya rufaa. Usipojua umesimama ngazi gani huwezi kujua unapanda wapi wala una siku ngapi. Kisha soma tarehe. Kisha tafuta jina lako: kuna mahali pameandikwa kwamba uliitwa, kwamba hati ya wito ulipelekewa, nani aliipokea? Mara nyingi hupokewa na mtu wa nyumbani. Na kama aliyeipokea ndiye aliyefungua maombi, hapo una jambo kubwa mkononi.

Mlango wa kwanza ni kurudi mahakama ileile na kuiomba itengue amri kwa sababu ilitolewa upande mmoja, wewe hukusikilizwa. Wengi hawaujui, wanakimbilia rufaa, na wanarudishwa wakaambiwa wangeanza chini. Msingi wake ni mzito. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema, na si mara moja, kwamba haki ya kusikilizwa ni ya msingi kiasi kwamba uamuzi uliofikiwa bila ya kumsikiliza mhusika hubatilishwa hata kama uamuzi ungekuwa uleule lau angesikilizwa. Sehemu hiyo ya mwisho inakuhusu sana, kwa sababu upande wa kaka watasema: "Hata angeitwa, alikuwa hali mahututi, asingeweza kusema kitu." Hilo si jibu. Wala si kweli kwamba mgonjwa asiyeweza kusema haitwi. Anaitwa, na asipoweza kusema anawekewa wa kumsemea.

Mlango wa pili ni wa hali iliyobadilika. Amri ya kumsimamia mtu mali kwa sababu ya maradhi imejengwa juu ya maradhi hayo. Nguzo ikiondoka, unaiomba mahakama iliyoitoa iifute kuanzia sasa, kwa ripoti mpya ya daktari. Mlango huu hauhesabiwi siku tangu amri ilipotolewa, maana huilaumu amri, unasema tu wakati wake umekwisha. Ndio mwepesi kuliko yote na hauwashi moto mkubwa katika ukoo. Lakini una kasoro moja: kwa kusema "ifutwe kuanzia leo" unakuwa umekubali kimyakimya kwamba hadi jana ilikuwa halali. Kama kaka yako ametoa pesa benki au ameuza karafuu za msimu, aliyoyafanya yatabaki yamefanywa chini ya amri halali, na utabaki kumdai hesabu tu. Ukienda kwa mlango wa kwanza au kwa rufaa unalenga mzizi. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, jua kwanza nini kimetoka mikononi mwako. Nenda benki ukaombe taarifa ya akaunti. Uliza kwenye kituo cha kununulia karafuu cha ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, zimeuzwa ngapi na kwa jina la nani. Ikiwa hakuna kilichopotea, mimi ningekushauri mlango wa pili bila kusita, uishi na ndugu zako. Ikiwa vimeondoka vingi, usiutumie peke yake.

Mlango wa tatu ndio rufaa. Hapa unaiambia mahakama ya juu kwamba ile ya chini ilikosea: haikukusikiliza, ilitoa usimamizi wa mali bila ushahidi, haikuweka ukomo. Na hapa ndipo karani alipokuwa na nusu yake ya kweli, kwa sababu rufaa zina siku na siku hizo ni chache. Zinatofautiana kwa mahakama na kwa aina ya amri, kwa hiyo swali lako kwa karani liwe "kutoka mahakama hii kwenda ile, kwa amri ya namna hii, ni siku ngapi?" na si "siku zimepita?" Nikupe mfano wa ngazi ya juu kabisa. Kwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri la madai, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hupelekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo ilipopokelewa. Miezi mitano ni mingi kwa kipimo hicho.

Nusu ambayo karani hakukwambia ni kwamba mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu ya maana. Na ugonjwa ni sababu ya maana. Katika uamuzi mmoja ambao mawakili huutumia sana, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ugonjwa ni hali anayoihisi mgonjwa mwenyewe, si jambo la kushirikiana na watu, na kwamba ukiwatoa watoto wasioweza kujieleza, mgonjwa ndiye anayeweza kusema kama alikuwa na nguvu za kutembea au za kufanya kazi. Nayapenda maneno hayo. Yanampa mgonjwa ushahidi wake mwenyewe.

Sababu ya pili inayokubalika ni kuwepo kwa kosa la kisheria ndani ya uamuzi wenyewe. Hilo limesimama tangu kesi ya mwaka 1992: likidaiwa kosa la namna hiyo, mahakama inapaswa kutoa nafasi lichunguzwe, hata kama muda umepita. Sharti ni kosa lionekane wazi kwenye kumbukumbu, lisiwe la kutafutwa kwa tochi kwa hoja ndefu. Mtu kutoitwa huonekana wazi. Ama halikuandikwa jina lako kwenye waliohudhuria, ama limeandikwa.

Lakini usijidanganye na huruma. Mahakama hiyohiyo imesema kwamba kuchelewa hata kwa siku moja lazima kuelezwe. Katika maelezo yako, wiki saba hospitali ni nyepesi: una cheti cha kuruhusiwa. Kazi iko kwenye miezi mitano ya nyumbani. Mwezi wa kwanza bado dawa zinakulaza, daktari aliandika nini? Lini ulisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna amri ya mali? Lini ulimwendea karani? Kaa na daftari uzipange tarehe hizo. Pasiwe na pengo ambalo hukulisemea. Hata "tarehe fulani hadi fulani nilikuwa natafuta nauli ya kwenda Chake" ni maelezo, bora kuliko kimya. Na tangu leo, kila wiki inayopita ukiwa mzima na unajua haki yako itakuwa ngumu zaidi kuieleza.

Hapa pana mtego ambao nimeuona ukimnasa mtu, na sitaki ukunase. Miaka ya nyuma alinijia mzee mmoja aliyeandikiwa hati ya kiapo na mtu wa mtaani. Ili apewe muda, aliandikiwa kwamba yeye ni mgonjwa wa akili wa siku nyingi, hajitambui, hata leo anasahau. Upande wa pili walifurahi. Walisimama wakasema: mheshimiwa, mwombaji mwenyewe amekula kiapo kwamba hawezi kusimamia mambo yake, sisi tunadai nini zaidi? Karatasi iliyomfungulia mlango ndiyo iliyomfungia nyumba. Wewe uandike maradhi yako kama unavyoandika homa ya malaria: yalianza siku fulani, yalikuwa makali mpaka siku fulani, matibabu yalikuwa haya, tangu siku fulani nimepata nafuu na naendelea na dawa. Ugonjwa una mwanzo na una mwisho wa ukali wake. Usione haya kusema unatumia dawa. Mwenye sukari anatumia dawa kila siku na hakuna anayemnyang'anya shamba. Daktari naye umwombe aandike mambo mawili yaliyotengana: hali yako ilikuwaje kipindi kile, na uwezo wako leo wa kufahamu na kuamua mambo yako. Barua inayosema "anaendelea vizuri" peke yake haitoshi, haijibu swali la mahakama.

Swali linalofuata utakutana nalo dirishani: nani anafungua? Watakwambia kwamba mtu aliyewekewa msimamizi hufungua shauri kupitia msimamizi wake. Kwa mashauri ya kawaida kuna mantiki. Kwa shauri hili ni kichekesho: msimamizi ndiye unayemshitaki. Huwezi kumwomba paka ruhusa ya kulalamika juu ya paka. Fungua kwa jina lako mwenyewe ukiambatanisha ripoti ya daktari. Wakishikilia, sheria za mwenendo wa madai zinamjua rafiki wa karibu, yaani mtu mzima asiye na maslahi yanayopingana na yako anayesimama kwa niaba yako: shangazi, mjomba, hata jirani mwaminifu. Asiwe ndugu atakayepata kitu mikarafuu ikigawiwa upya. Na wakili wako asiwe yule aliyewaandikia kaka zako maombi, hata akisema yeye ni wa familia na atawasuluhisha nyote.

Tahadhari hiyo ya wakili sikuitunga mimi. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwalinda watu wenye maradhi ya akili, katika azimio namba 46/119. Ndani yake imo kwamba uamuzi wa kusema mtu hana uwezo wa kisheria, na wa kumteulia mwakilishi, ufanywe tu baada ya usikilizaji wa haki mbele ya chombo huru. Kwamba wakili wa mgonjwa asiwe wakati huohuo wakili wa hospitali, wala wa mtu wa familia yake pale maslahi yanapogongana. Kwamba uamuzi huo upitiwe tena kila baada ya muda. Na kwamba mgonjwa mwenyewe ana haki ya kukata rufaa mahakama ya juu. Kanuni hizo si sheria ya kumfunga hakimu wetu, lakini zinasomeka vizuri mahakamani. Uzito zaidi uko kwenye Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 12 kinatambua kuwa watu wenye ulemavu, na humo wamo wenye ulemavu wa akili, wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba hatua zozote za kuwasaidia ziwe za muda mfupi kadiri iwezekanavyo na zipitiwe mara kwa mara na chombo huru. Amri isiyo na mwisho inapingana na hilo waziwazi.

Na kuna kesi ya Kiafrika ambayo ningeitaja hata kama hakimu hakuuliza. Gambia walikuwa na sheria ya mwaka 1917, ya wakati wa ukoloni, ya kuwaweka ndani watu waliowaita wendawazimu. Mtu aliwekwa hospitali kwa vyeti vya madaktari wawili, na sheria ile haikumpa njia ya kupinga wala kukata rufaa. Shauri lilipelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Mei 2003 Tume ikaamua kwamba Gambia imevunja Mkataba wa Afrika, pamoja na kifungu cha 7, kinachompa kila mtu haki shauri lake lisikilizwe na haki ya kukata rufaa. Tume ilisema pia kwamba msaada wa kisheria uliokuwepo kwa washitakiwa wa makosa ya kifo tu haukuwafaa wagonjwa hao maskini. Hata lugha ya sheria ile, kumwita mtu mwendawazimu, Tume iliiona inamvunjia mtu utu wake. Tanzania imo katika mkataba huohuo tangu 1984. Sheria nyingi za zamani za maradhi ya akili za Afrika Mashariki zilitoka tumbo moja na ile ya Gambia, kwa hiyo uamuzi huo wa Tume si hadithi ya mbali.

Sasa jambo ambalo watu hulijua baada ya hasara. Kukata rufaa hakusimamishi amri. Unaweza kuwa na rufaa safi, yenye namba na muhuri, na kaka yako akaendelea kuuza karafuu mpaka siku ya hukumu. Pamoja na rufaa au maombi ya kutengua, peleka ombi la kusimamisha utekelezaji, au zuio la muda, ukieleza hasara gani utapata isiyoweza kurudishika. Pesa zinaweza kudaiwa, lakini mti ukikatwa au shamba likihamishwa jina ni vita vya miaka. Msimu ukikaribia, andika hivyo hivyo: karafuu zitachumwa mwezi huu, zikauzwa, pesa zitatumika. Hakimu wa Pemba hahitaji kufundishwa maana ya msimu. Ombi dogo linalopata kibali kwa urahisi ni kwamba mapato yawekwe akaunti ambayo hakuna wa kutoa mpaka shauri liishe. Omba pia kaka alete hesabu ya yote aliyopokea na kutoa. Msimamizi wa mali ya mtu ni mwenye amana, na mwenye amana huulizwa.

Kama juu ya karatasi utakuta ni Mahakama ya Kadhi, mambo yanabadilika. Ngazi yake ya rufaa ni ya kwake, na masuala ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi hayaendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Huishia hapahapa Zanzibar. Hilo lisikutie hofu, maana fiqhi imelizungumza jambo lako zamani: aliyezuiliwa kusimamia mali yake kwa sababu ya kuondokewa na akili, akili ikirudi zuio huondoka. Mbele ya Kadhi, mlango wa pili ndio wenye nguvu zaidi. Na kwa kuwa fungu lako ni la urithi, angalia kama mirathi ya baba ilipita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kama ilipita, kuna karatasi ya mgao yenye jina lako, na hiyo nayo iombe nakala.

Kwa kuwa wasomaji wengine wataisoma barua hii, niseme kwa ufupi juu ya amri za kesi za jinai, ambapo mshitakiwa hupelekwa kuchunguzwa akili. Amri ya kuchunguzwa tu ni ya katikati ya kesi, na kwa kawaida amri za namna hiyo zisizomaliza shauri hazikatiwi rufaa peke yake, hasa Mahakama ya Rufani. Kinachowezekana ni kuirudia mahakama mara kwa mara kuuliza ripoti iko wapi, na kama mtu amesahaulika ndani, kwenda Mahakama Kuu kudai uhuru wake. Familia za Pemba husahau mtu wao kwa sababu Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya maradhi ya akili, iko Unguja na boti kutoka Mkoani ina nauli. Wasisahau.

Juu ya gharama: Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanza 1992, kina ofisi Unguja na Pemba, Chake Chake. Wako pia wasaidizi wa sheria majimboni wanaojua kuandika barua ya kuomba nakala bila ya kukutoza. Barua hiyo haihitaji wakili. Hati ya kiapo na rufaa ningependa aviandike mtu aliyesomea, kwa sababu ya ule mtego niliokueleza. Sheha wako, yaani kiongozi wa shehia unayoishi, anaweza kukupa barua kwamba unaishi shehiani kwake, unalea wanao na unaendesha nyumba yako mwenyewe. Usidharau barua ya sheha. Kwa hakimu ni jicho la jirani juu ya swali lilelile daktari alilolijibu kwa utaalamu wake.

Na kaka yako. Kutokana na barua yako siwezi kujua kama aliomba usimamizi kwa tamaa au kwa hofu. Nimeona yote mawili, na mara nyingi yamechanganyika ndani ya mtu mmoja. Ukitaka kukaa naye mbele ya wazee kwanza, kaa, lakini barua ya kuomba nakala iwe imeshapelekwa, na usitie saini wala kidole gumba kwenye karatasi yoyote atakayokuletea, hata iitwe makubaliano ya familia. Mkikubaliana kwa heri, makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yaandikwe kuwa amri mpya inayoifuta ile ya zamani. Vinginevyo ile ya zamani itabaki kwenye faili, na siku kaka akifariki watoto wake watakuja kuisoma.

Ukishapata nakala, niandikie uniambie mambo matatu: jina la mahakama, tarehe, na kama mahali popote pameandikwa kwamba ulikuwepo. Hapo nitakwambia ni mlango upi.